Feni ya nyuma ya helikopta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila stori ya helikopta ikianza lazima mtu aulize kuhusu kile kifeni cha mkiani, na nusu ya wanaouliza tayari wana jibu lao kichwani, kwamba ndo kinachosukuma chombo kwenda mbele. Hapana, sio hivo. Nimekusanya maswali hapa nijibu kwa pamoja, mengine nimeyajibu kwa urefu maana yananoga, mengine sentensi mbili tatu zinatosha. Nikisema rota kuu namaanisha yale mapanga makubwa ya juu, na rota ya mkia ni ile ndogo ya nyuma iliyosimama wima.

Kazi yake hasa ni nini?

Kuizuia helikopta isizunguke kama pia. Basi, hiyo ndo kazi nambari moja. Ya pili ni kumpa rubani uwezo wa kugeuza pua kushoto au kulia anapotaka.

Si injini ndo inazungusha mapanga, sasa bodi inazunguka kwa nini?

Hapa ndo penye utamu. Injini imefungwa kwenye bodi, na ili izungushe mapanga kwenda upande mmoja lazima ijikaze kwenye kitu, na kitu chenyewe ni hiyo bodi, hakuna kingine. Newton alishaandika hili tangu 1687, ukisukuma kitu nacho kinakusukuma wewe kwa nguvu ileile upande wa pili. Kwa hiyo mapanga yakisukumwa kwenda kushoto, bodi inasukumwa kwenda kulia.

Kama umewahi kutoboa ukuta kwa drili kubwa utanielewa haraka, ile keekee inayotoboa ikikwama ghafla drili yenyewe ndo inataka kuzunguka na mkono wako juu yake. Au kaa kwenye kiti cha ofisini kile kinachozunguka, nyanyua miguu, halafu zungusha kiwiliwili haraka upande mmoja, kiti kinaenda upande wa pili. Helikopta ikiwa chini tairi au vyuma vyake vinashikwa na ardhi, hakuna shida. Tatizo linaanza sekunde ile imeachia ardhi, maana hewani hakuna pa kushika. Rota ya mkia ndo mkono unaoshika drili.

Na msokoto huo haukai sawa muda wote, watu wengi wanasahau hili. Mapanga yakiwa yanakata hewa kwa ulaini injini haihangaiki sana, ila rubani akiyaambia yanyanyue mzigo yanakutana na ukinzani zaidi wa hewa, injini inakaza, na bodi inasukumwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo dawa nayo lazima iwe ya kuongeza na kupunguza, sio ya kufunga mara moja ukaiacha.

Kwa hiyo haisukumi mbele hata kidogo?

Hata kidogo. Iangalie ilivyokaa, inatazama ubavuni, inasukuma hewa kulia au kushoto, sasa itakupelekaje mbele? Kwenda mbele ni kazi ya rota kuu. Rubani anasukuma kile kijiti kilichoko katikati ya miguu yake, duara lote la mapanga linainama kidogo mbele, na ile nguvu iliyokuwa inanyanyua tu inaanza na kuvuta. Ndo maana helikopta ikitaka kuondoka unaiona inashusha pua kwanza.

Kuna moja ya Marekani, Lockheed AH-56 Cheyenne iliyoruka mara ya kwanza 1967, hiyo kweli ilikuwa na pangaboi la kusukuma mwishoni kabisa mwa mkia. Lakini tazama picha zake vizuri, utaona rota ya mkia ya kawaida nayo ipo palepale pembeni. Wameweka zote mbili kwa sababu kazi ni mbili.

Mkia mrefu wote ule wa nini?

Sukuma mlango ukiwa umeweka kidole karibu na bawaba, halafu sukuma tena ukiwa umekiweka pembeni karibu na kitasa. Ndo hilo tu. Rota ya mkia ikikaa mbali inatumia nguvu kidogo kushinda msokoto mkubwa. Na pia lazima ikwepe mapanga ya juu, hayo yakigusana na mkia safari imeishia hapo.

Ina injini yake pekee?

Kwenye helikopta za kawaida hapana. Injini inazungusha giaboksi kuu, kutoka hapo kuna shafti ndefu inapita kwenye mkia wote mpaka nyuma, na mwishoni kuna giaboksi ndogo inayogeuza mzunguko kwa nyuzi 90 ili mapanga yatazame ubavuni. Zile ambazo rota imepandishwa juu ya pezi, yaani lile bawa dogo lililosimama wima mkiani, huwa zina giaboksi nyingine njiani, pale mkia unapokunja kwenda juu.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba rota mbili zimefungwa pamoja, moja ikizunguka na nyingine inazunguka. Injini ikizima angani kuna kifaa kama klachi ya njia moja, kinafanya kama freewheel ya baiskeli, unaacha kukanyaga pedeli lakini tairi linaendelea, basi nacho kinaiachia injini na mapanga yanabaki huru. Helikopta inashuka, hewa inayopanda kutoka chini inazungusha mapanga ya juu, mapanga ya juu yanazungusha rota ya mkia, rubani bado anaweza kuelekeza pua mpaka anatua. Kuna kitu kidogo hapo ambacho mimi nakipenda sana: injini ikishakufa ule msokoto haupo tena, na kwa sababu ya msuguano kwenye giaboksi bodi sasa inataka kufuata mapanga badala ya kwenda kinyume. Yaani ugonjwa umegeuka, na mguu wa rubani nao lazima ugeuke haraka.

Mbona ile ndogo inazunguka kasi kuliko ile kubwa?

Kwa sababu ni fupi. Kinachokata hewa vizuri ni spidi ya ncha ya panga, na panga fupi ili ncha yake ifikie spidi nzuri lazima lizunguke mara nyingi zaidi. Bell 206 kwa mfano, rota kuu inazunguka kama mara 394 kwa dakika na ya mkia kama 2,550, zaidi ya mara 6.

Kama spidi yake haibadiliki, rubani anaongeza na kupunguza vipi?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu. Rubani ana pedali mbili miguuni, watu wengi wanadhani ni mafuta na breki kama gari, kumbe hazihusiani kabisa na mambo hayo. Pedali zinabadilisha pembe ya mapanga ya mkiani. Toa mkono nje ya gari linalokimbia, kiganja kikiwa bapa upepo unapita tu, ukikiinamisha kidogo mkono unasukumwa. Mapanga ya mkiani ndo hivo, spidi ileile, lakini yakiinamishwa zaidi yanasukuma hewa nyingi, yakilazwa yanasukuma kidogo, na yanaweza hata kugeuzwa yakasukuma upande wa pili.

Sasa chukua helikopta ambayo pua yake inataka kwenda kulia. Mkono wa kushoto wa rubani ukinyanyua ule mshikio wa pembeni ya kiti, unaoitwa kolektivi, mapanga ya juu yanang'ata hewa zaidi, injini inakaza, msokoto unaongezeka, pua inaanza kukimbia kulia, basi mguu wa kushoto lazima ukanyage muda uleule. Ukikanyaga, rota ya mkia nayo inaomba nguvu zaidi kutoka injini ileile, mapanga ya juu yanataka kulegea spidi, injini inabidi iongezwe tena, na duara linaanza upya. Ndo maana wanafunzi wa urubani wakijifunza kusimama hewani mwanzoni wanatoka jasho, kila kiungo kinaharibu kazi ya kiungo kingine.

Ikishashika mwendo mambo yanatulia. Lile pezi la wima la mkiani mara nyingi limepindwa kidogo makusudi ili upepo wa mwendo ulisukume upande unaotakiwa, kwa hiyo ukienda kasi pezi linabeba sehemu ya kazi na rota ya mkia inapumua.

Zingine ipo kushoto, zingine kulia, kuna sababu?

Zipo kadhaa. Kwanza helikopta zote hazizungushi mapanga upande mmoja. Ukitazama kutoka juu, nyingi za Marekani zinazungusha kinyume cha saa, nyingi za Ufaransa na Urusi zinafuata saa, kwa hiyo hata mguu unaokanyaga zaidi unabadilika. Rubani aliyezoea aina moja akihamia nyingine lazima miguu yake ijifunze upya. Halafu mhandisi anachagua kama rota ivute au isukume, na anaangalia pezi lisizibe hewa inayotoka.

Nimeona helikopta imesimama hewani ila imeinama ubavu, imeharibika?

Haijaharibika, hiyo ni gharama ya dawa. Rota ya mkia inasukuma mkia kwenda kulia, sawa, mzunguko umezuilika, lakini hakuna kinachozuia helikopta nzima nayo isisogee kulia polepole kama boti iliyofunguliwa kamba. Kwa hiyo rubani anainamisha duara la juu kidogo kushoto ili kusawazisha, na bodi inaning'inia chuma kimoja kikiwa chini kuliko kingine. Wakati wa kutua chuma kile ndo kinagusa kwanza. Baadhi ya watengenezaji wanainamisha mhimili wa rota kuu tangu kiwandani ili usumbufu upungue.

Inakula nguvu kiasi gani?

Inategemea aina na inafanya nini, ila kadiria asilimia 5 mpaka 15 ya nguvu ya injini, na inakula zaidi ikiwa imesimama hewani na mzigo mzito. Nguvu hiyo hainyanyui hata kilo moja, inaenda yote kwenye kuzuia tu. Kwenye Black Hawk, helikopta ya jeshi la Marekani, wamejaribu kurudisha chenji kidogo, rota yake ya mkia imeinamishwa nyuzi 20 ili pamoja na kuzuia msokoto isaidie na kunyanyua, inachangia kama asilimia 2.5. Kwenye Mi-26 ya Urusi rota kuu ina upana wa mita 32 na ile ya mkia peke yake ina zaidi ya mita 7, kuna helikopta ndogo ambazo rota yao kuu haizidi hapo kwa mbali.

Nani alianzisha wazo hili?

Mrusi Boris Yuriev alichora mpango wa rota moja kubwa na ndogo ya mkiani miaka ya 1910, na 1912 akatengeneza chombo chenyewe ila hakikuruka. Aliyeufanya ukubalike dunia nzima ni Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kyiv, akiwa Marekani. VS-300 yake iliachia ardhi 14 Septemba 1939 ikiwa imefungwa kamba, na 1940 ikaruka huru. Kinachochekesha ni kwamba katikati ya majaribio aliwahi kuweka rota tatu mkiani, mbili zikiwa za kulala kusaidia kuongoza, akaja akaziondoa akabaki na moja ya wima. Kabla yake Wajerumani walikuwa na Focke-Wulf Fw 61 ya 1936, hiyo ilikuwa na rota mbili kubwa kulia na kushoto, hakuna feni ya mkia. Ilifanya kazi vizuri tu, ila ule mfumo wa rota moja na mkia ulikuwa mwepesi na rahisi zaidi, ndo ukashinda.

Ikikatika au ikigoma angani inakuwaje?

Inategemea wapi na vipi. Ikifa wakati helikopta imesimama hewani karibu na ardhi, bodi inaanza kuzunguka papo hapo, na kinachofundishwa ni kukata nguvu ya injini mara moja. Ukiondoa nguvu umeondoa msokoto, bodi inaacha kuongeza mzunguko, inashuka, na rubani anatumia mzunguko uliobaki kwenye mapanga ya juu kulainisha kishindo. Inasikika kama kichaa, kuzima injini ukiwa hewani, lakini injini ndo inayokuzungusha.

Ikifa ukiwa kwenye mwendo una bahati zaidi, lile pezi linashika upepo na kunyoosha mkia. Hapo mtu hapunguzi mwendo hovyo, anatafuta sehemu ndefu na tambarare, kisha anashuka injini ikiwa imekatwa, au kama tatizo ni pedali zimeganda tu anaweza kutua kwa kuteleza kama ndege. Tatizo ni kwamba sekunde za kuamua ni chache.

Na kuna nyakati hakuna ujanja. Tarehe 27 Oktoba 2018 helikopta ya AW169 ilianguka nje ya uwanja wa Leicester City, Uingereza, ikaua wote 5 waliokuwemo akiwemo mmiliki wa klabu Vichai Srivaddhanaprabha. Wachunguzi walikuta beringi kwenye mfumo wa kuongoza rota ya mkia imekwama, kiungo kikaachia, mapanga yakabadilika pembe yenyewe na pedali zikawa hazina mawasiliano na kitu chochote. Rota yenyewe ilikuwa bado inazunguka. Ndo maana mafundi wakikagua mkia hawaangalii tu kama mapanga yapo.

Inaweza kugoma bila kuharibika?

Ndiyo, na hii imeua watu. Helikopta ikienda taratibu sana, mzigo mzito, upepo ukapiga kutoka upande mbaya, rota ya mkia inaweza kuangukia kwenye hewa chafu, ama ile iliyovurugwa na mapanga makubwa ama ile iliyoisukuma yenyewe inayorudishwa na upepo, na pua ikaanza kukimbia ghafla bila rubani kuomba. Hakuna kilichovunjika. Dawa ni kukanyaga pedali ya kupinga yote na kubaki umekanyaga, kusukuma kijiti mbele upate mwendo, na kama kuna urefu wa kutosha chini yako kupunguza nguvu. Kosa kubwa ni kukanyaga kidogo ukaachia ukidhani haifanyi kazi.

Mbona helikopta ya Chinook haina feni ya mkia?

Kwa sababu ina rota mbili kubwa, mbele na nyuma, moja inaenda huku nyingine inaenda kule, misokoto inafutana. Kamov za Urusi kama Ka-52 zimepandisha rota mbili juu ya mhimili mmoja, hesabu ileile. K-MAX ya Marekani mapanga yake yanapishana kama vidole, ukiitazama mara ya kwanza unangoja yagongane. Nguvu yote inaenda kunyanyua, ila unalipia kwa mitambo migumu zaidi ya juu. Jairokopta, vile vyombo vinavyofanana na helikopta, nazo hazina, lakini sababu yake ni tofauti, rota yake haizungushwi na injini inapokuwa angani, inazungushwa na upepo, kwa hiyo bodi haina cha kusukumwa nacho. Na droni yenye rota nne ndo rahisi kabisa, mbili zinazunguka hivi mbili vile.

Ile iliyojificha ndani ya duara ni kitu gani?

Inaitwa Fenestron, jina limetoka kwenye neno la kusini mwa Ufaransa lenye maana ya kidirisha. Ilijaribiwa 1968 kwenye helikopta iliyokuja kuitwa Gazelle. Mapanga ni mengi, mafupi, yamezungukwa na ukuta, kwa hiyo hayagongi matawi ya miti wala watu kirahisi, ila fremu yake ina uzito. Mapanga yake kwenye matoleo ya baadaye hayajapangwa kwa nafasi sawa, ni makusudi, ili sauti isitoke ya mlio mmoja mkali wa kukera masikio.

Halafu kuna NOTAR, kama ile ya MD 520N, hiyo haina mapanga nje kabisa. Feni iko ndani, inapuliza hewa ndani ya mkia, hewa inatokea kwenye mianya mirefu pembeni na kufanya upepo unaoshuka kutoka rota kuu ugande kwenye mkia na kuusukuma, na nyingine inatokea mwishoni kwa tundu linaloongozwa na pedali. Ni tulivu kweli. Na Bell nao walionyesha 2020 helikopta yenye feni nne za umeme mkiani badala ya shafti, hapo sasa ndo utasema kila feni ina mota yake.

Kwa nini watu wanakatazwa kupita nyuma?

Kwa sababu ikizunguka haionekani. Sio kwamba haionekani vizuri, haionekani kabisa, na kwenye helikopta nyingi iko usawa wa kichwa au kifua. Makelele ya injini yanafunika sauti yake. Ile mistari myekundu na myeupe inayopakwa kwenye mapanga ni ya kusaidia jicho lipate angalau duara fulani. Sogelea helikopta kutoka mbele au ubavuni mbele, pale rubani anapokuona, tena akishakupa ishara. Kama mlango wako uko upande wa pili zungukia mbele ya pua, hata kama njia ya nyuma ni fupi.

Ile iliyoruka Mars ilikuwa nayo?

Hapana. Ingenuity ilikuwa na rota mbili zenye upana wa mita 1.2 kila moja, juu ya mhimili mmoja, kila moja ikizunguka upande wake. Hewa ya Mars ina uzito kama asilimia 1 tu ya hii yetu, kwa hiyo kupoteza hata chembe ya nguvu mkiani ilikuwa haiwezekani. Iliruka mara 72 kati ya Aprili 2021 na Januari 2024.

Kihelikopta cha watoto kina kifeni cha mkia kilicholala, kimewekwa vibaya?

Kimewekwa sawa. Vingi vya vile vidogo vina rota mbili juu, msokoto umeshafutwa huko, na kugeuka kushoto na kulia kinageuka kwa kubadilisha spidi kati ya hizo mbili. Kile cha nyuma kinazunguka kikiwa kimelala ili kinyanyue au kushusha mkia, mkia ukinyanyuka pua inashuka na chombo kinaenda mbele. Kwa hiyo wale wa "feni ya nyuma ndo inapeleka mbele" kwenye helikopta ya betri wamepatia.